Dereva wa lori aliyemwangusha Rais wa Seneti: uchambuzi wa kampeni ya Edward Durr, New Jersey 2021

Novemba 2, 2021, wapiga kura wa kusini mwa New Jersey, Marekani, walimwondoa madarakani Steve Sweeney, Rais wa Seneti ya jimbo hilo. Ukimtoa gavana, hapakuwa na mwanasiasa mwenye nguvu kumzidi katika serikali ya jimbo. Aliyemshinda ni Edward Durr, dereva wa lori wa kampuni ya samani, mhafidhina wa Republican ambaye hakuwahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa. Sweeney alipata takriban asilimia 48 ya kura, Durr asilimia 52. Tofauti yao ilikuwa kama kura 2,200.

Habari ilipovuka mipaka ilibeba namba moja tu: dola 153. Kila chombo cha habari kilisimulia kwamba Durr alimwangusha kigogo kwa dola 153, sehemu ikiwa ni kahawa na maandazi ya mgahawa wa Dunkin' kwa waliomsaidia, sehemu ikiwa ni vipeperushi na kadi za majina. Ni simulizi tamu. Pia inapotosha, na kwa maoni yangu upotoshaji wake una madhara, kwa sababu unamfanya mtu aamini kwamba uchaguzi huu ulikuwa muujiza na kwamba hauna la kumfundisha mtu mwingine. Namba ile ilitoka kwenye taarifa ya fedha iliyohusu kura za mchujo, ambako Durr hakuwa na mpinzani. Katika kampeni nzima alitumia zaidi ya hapo, maelfu kadhaa ya dola. Bado ni kiasi kidogo mno ukikilinganisha na mamia ya maelfu yaliyokuwa upande wa Sweeney, lakini kwangu swali la fedha si swali kubwa la kisa hiki. Nataka kuelewa jinsi kiti kilichoonekana salama kabisa kilivyofika mahali ambapo mtu yeyote aliyeandikwa kwenye karatasi ya kura kama mgombea wa Republican angeweza kukitwaa, na kwa nini mtu huyo akawa Durr.

Kiti chenyewe

New Jersey ina bunge lake la jimbo, lisilohusiana na Bunge la Marekani lililoko Washington. Linakutana Trenton na lina nyumba mbili: Seneti yenye viti 40 na Baraza la wawakilishi lenye viti 80. Jimbo limegawanywa katika wilaya 40 za uchaguzi, na kila wilaya inatoa seneta mmoja na wawakilishi wawili. Kazi hii haichukuliwi kuwa ya kutwa nzima. Mwaka 2021 mshahara wake ulikuwa dola 49,000, na wabunge wengi walikuwa na ajira nyingine.

Wilaya ya 3 wakati huo ilijumuisha kaunti yote ya Salem, pamoja na sehemu za kaunti za Gloucester na Cumberland. Ni kusini kabisa, ng'ambo ya mto Delaware ukitokea jimbo la Delaware na eneo la Philadelphia. Kuna mashamba, viwanda vya kusafisha mafuta, miji midogo iliyopoteza ajira, na vitongoji vya wafanyakazi wanaokwenda mbali kila asubuhi. Anayeijua New Jersey kwa vitongoji vya matajiri vinavyopakana na New York angejiona mgeni hapa.

Sweeney alifaa eneo hilo. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa vyuma vya ujenzi na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa sekta hiyo. Alichaguliwa kuingia Seneti mwaka 2001, na Januari 2010 akawa Rais wake, wadhifa alioushika kwa muda mrefu kuliko yeyote katika historia ya jimbo. Rais wa Seneti ndiye anayeamua mswada upi ufike ukumbini na upi ufe kimya kimya kwenye kamati. Gavana yeyote, wa chama chochote, alilazimika kukaa naye mezani. Isitoshe, Sweeney alikuwa mshirika wa George Norcross, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyetawala siasa za Democratic kusini mwa jimbo bila kugombea cheo. Kwa hiyo kiti cha Wilaya ya 3 kilikuwa nguzo ya mtandao mzima.

Ila nguvu ya Sweeney ilikuwa na upande wa pili. Mwaka 2011 alishirikiana na gavana wa Republican, Chris Christie, kupitisha sheria iliyowaongezea watumishi wa umma makato ya pensheni na bima ya afya. Chama cha walimu cha jimbo, NJEA, hakikumsamehe. Mwaka 2017 kikafanya jambo la ajabu: chama cha walimu, ambacho kwa kawaida humuunga mkono mgombea wa Democratic, kilimwaga mamilioni ya dola kumpigania Fran Grenier wa Republican. Fedha zilizotumiwa na pande zote kwa kiti hicho kimoja zilizidi dola milioni 18, kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana katika uchaguzi wa bunge la jimbo hilo. Sweeney akashinda kwa mwanya mpana, karibu asilimia 59 kwa 41.

Mwaka 2017 ndio uliozaa 2021, na wachambuzi wengi wanaupita haraka. Ushindi ule uliwaambia watu wote jambo lile lile: haangushiki. Ulimwambia Sweeney, na ukawaambia Democratic, ambao mwaka 2021 walielekeza macho na fedha kwenye wilaya nyingine zilizoonekana hatarini. Zaidi ya wote uliwaambia Republican. Kama mamilioni ya dola ya walimu hayakumtikisa, mwanasiasa gani mwenye jina angekubali kuchoma heshima yake kupambana naye? Wenye majina wakakaa pembeni. Nafasi ikabaki wazi kwa mtu asiyekuwa na cha kupoteza.

Mgombea

Edward Durr aliishi mji wa Logan, kaunti ya Gloucester, na alikuwa ameendesha malori ya kampuni ya samani ya Raymour & Flanigan kwa miaka mingi. Mwenyewe alieleza kilichomwingiza kwenye siasa: aliomba kibali cha kutembea na bastola iliyofichwa akakataliwa. Wakati huo sheria ya New Jersey ilimtaka mwombaji athibitishe kwamba ana sababu ya pekee ya kuhitaji silaha, na raia wa kawaida karibu wote walikwama hapo. Kwa mhafidhina wa vijijini kusini, kukataliwa huko kulimaanisha kwamba serikali ya Trenton haimwamini.

2021 haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 2017 aligombea Baraza la wawakilishi kama mgombea binafsi akashindwa. Mwaka 2019 alirudi kwa tiketi ya Republican akashindwa tena, mmoja wa waliombwaga akiwa John Burzichelli wa Democratic. Mshike jina hilo. Kwa hiyo huyu dereva "aliyetoka kusikojulikana" alikuwa na miaka minne ya kugonga milango katika wilaya ile ile, akijifunza nani anakasirishwa na nini. Dola 153 haziwezi kukuonyesha hilo.

Kampeni yake ilikuwa ya kawaida mno. Alitembea nyumba kwa nyumba. Alitengeneza video fupi akitumia simu, ujumbe wake ukiwa kwamba Sweeney amekaa Trenton miaka 20, kodi zimepanda, deni limekua, maisha yamekuwa ghali. Hakuwa na mtaalamu wa kura za maoni, hakuwa na matangazo ya televisheni. Aligombea pamoja na wanawake wawili waliowania viti vya Baraza, Beth Sawyer na Bethanne McCarthy Patrick, na watatu hao walikuwa timu moja.

Nikiitazama ile video leo kama mtu wa kampeni, naona nguvu yake iko mahali pamoja: haikuhitaji kumweleza mtu chochote kipya. Kodi ya nyumba na ardhi ya New Jersey ndiyo kubwa kuliko majimbo yote ya Marekani. Wastani wake kwa nyumba ulikuwa umepita dola 9,000 kwa mwaka. Mkazi wa Salem huisikia kila robo mwaka bili inapofika. Mgombea alichotakiwa kufanya ni kumtaja aliyekuwepo muda wote huo.

Hasira ilitoka wapi

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kura 2,200 hazikuanguka kutoka mbinguni.

Mwisho wa mwaka 2019 na Januari 2020, Sweeney alisukuma mswada wa kufuta msamaha wa kidini katika chanjo za wanafunzi. Waandamanaji walijaa nje ya jengo la bunge Trenton, siku baada ya siku, na kelele zao zikasikika ndani ya ukumbi. Mswada ulikwama kwa kukosa kura chache. Uwe unaunga mkono chanjo au la (mimi naziunga mkono), kisiasa tukio lile liliwaunganisha watu wengi ambao hawakuwa na mazoea ya siasa, nao wakalikariri jina la Sweeney.

Miezi miwili baadaye ikaja korona. New Jersey ilipigwa vibaya kuliko karibu jimbo lolote katika wimbi la kwanza, na maelfu ya wazee walikufa katika nyumba za kutunzia wazee. Gavana Phil Murphy wa Democratic alifunga biashara na shule kwa muda mrefu, kisha yakaja masharti ya barakoa kwa wanafunzi. Durr alimlaumu Sweeney kwamba, akiwa na mamlaka ya kumwajibisha gavana na kuchunguza vifo vile, alikaa kimya. Ni lawama iliyochoma kwa sababu iliuchukua ule ule ukubwa ambao Sweeney alijivunia na kuufanya shtaka.

Juu ya hayo yote kulikuwa na upepo wa nchi. Rais alikuwa Joe Biden, umaarufu wake ulikuwa umeporomoka kiangazi kile, na New Jersey na Virginia ndiyo majimbo mawili yanayochagua gavana mwaka unaofuata uchaguzi wa rais. Usiku ule ule Glenn Youngkin wa Republican alishinda Virginia. Kura za maoni New Jersey zilimwonyesha Murphy akiongoza kwa mwanya mzuri. Alishinda kwa pointi tatu tu dhidi ya Jack Ciattarelli wa Republican. Kusini hali ilikuwa mbaya zaidi kwake: Ciattarelli alizichukua kaunti zote tatu za wilaya hii, Salem, Gloucester na Cumberland. Mbili kati ya hizo, Gloucester na Cumberland, Biden alikuwa amezishinda mwaka mmoja tu kabla.

Ukiziweka kura za 2017 na 2021 bega kwa bega, utaona kitu kilichonishangaza. Sweeney hakupoteza watu wake. Miaka yote miwili alipata zaidi ya kura elfu 31. Ngome yake ilijitokeza kama kawaida; mafundi wake wa vyuma walipiga kura, vyama vya wafanyakazi vilifanya kazi yao. Kilichobadilika ni upande wa pili, ambako maelfu ya watu waliobaki nyumbani mwaka 2017 walitoka kumpigia Ciattarelli, wakashuka na karatasi ya kura, wakakuta jina la Edward Durr kwenye safu ile ile ya Republican. Wengi wao, naamini, hawakuwa wanamjua. Walijua safu.

Ndiyo maana nasema kazi kubwa ya Durr ilikuwa kujiandikisha na kubaki. Mafuriko yalikuwa yanakuja kwa vyovyote. Kama Republican wangekiacha kiti hicho bila mtu, kama vyama vinavyofanya mara nyingi penye mgombea mkubwa, maji yangepita pembeni na Sweeney angekuwa Rais wa Seneti hadi leo. Wenzake wa timu wanathibitisha hilo: Sawyer na McCarthy Patrick nao walishinda, wakiwaangusha Burzichelli, aliyekuwa amekaa Barazani miaka 20, na mwenzake Adam Taliaferro. Hakuna video ya simu inayoweza kuangusha watu watatu kwa mpigo.

Baada ya matokeo

Shirika la habari la AP lilimtangaza Durr mshindi siku mbili baada ya uchaguzi. Sweeney hakukubali mara moja. Alisema kuna kura 12,000 zilizopatikana katika kaunti moja, na kwamba kila kura ihesabiwe. Hazikubadilisha kitu. Novemba 10 alikiri kushindwa, akisema limekuja wimbi jekundu, yaani wimbi la Republican. Kwa jinsi ninavyozisoma namba, alikuwa sahihi, ingawa maelezo hayo yanamsaidia yeye kukwepa swali la kwa nini hakuliona.

Durr naye aligundua haraka gharama ya kushinda. Waandishi waliokuwa hawajawahi kumtazama walifungua kurasa zake za mitandao ya kijamii. Wakakuta maandishi ya mwaka 2019 ya kumtukana Mtume Muhammad na kuuita Uislamu dini ya uongo. Wakakuta mengine ya kufananisha masharti ya chanjo na mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi. Aliomba radhi, akasema aliandika akiwa na jazba, kisha akakutana na viongozi wa Kiislamu na kuahidi kupinga chuki dhidi ya Waislamu. Namheshimu kwa kwenda kuwaona uso kwa uso. Wanasiasa wengi huishia kwenye taarifa ya mistari miwili. Lakini kama mchambuzi lazima niseme: matusi yale yalikuwa wazi mbele ya kila mtu kwa miaka miwili, na hakuna aliyeyatafuta, si Democratic, si waandishi, si chama chake, kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba angeshinda. Waislamu wa Marekani walijua seneta mpya wa Wilaya ya 3 aliwahi kuwasema nini baada ya kura kuhesabiwa. Hilo ni kosa la mfumo mzima wa kuchunguza wagombea, na linatokea kila mahali ambapo matokeo yanadhaniwa kujulikana mapema.

Madhara makubwa zaidi yalionekana Trenton. Januari 2022 kiti cha Rais wa Seneti kilikwenda kwa Nicholas Scutari wa kaunti ya Union, na hivyo uzito wa siasa ukahama kutoka kusini. Democratic walibaki na wingi, viti 24 kwa 16. Maana yake ni kwamba wapiga kura wa Wilaya ya 3 walibadilisha mwakilishi aliyeshika usukani wa jimbo na kumpata seneta wa upande wa wachache, asiyeweza kuulazimisha mswada wake hata ujadiliwe. Walikuwa na haki kamili ya kuchagua hivyo. Ila walilipia.

Suala lililomwingiza Durr kwenye siasa linaonyesha jambo hilo vizuri. Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka New York, ilitupilia mbali sharti la sababu ya pekee katika vibali vya bastola, na sheria ya New Jersey ikaanguka nayo. Kilio cha Durr kikasikilizwa na majaji wa Washington. Bungeni mambo yalikwenda kinyume chake: Desemba mwaka ule Democratic walipitisha sheria mpya yenye orodha ndefu ya maeneo ambako silaha hairuhusiwi, na Durr, aliyekuwa miongoni mwa walioipinga, hakuwa na uwezo wa kuizuia.

Mara ya pili

Muhula wake ulikuwa wa miaka miwili tu. Katika New Jersey muhula wa kwanza wa seneta katika kila muongo ni mfupi, na wa 2021 ulikuwa huo. Mwaka 2023 alirudi kwa wapiga kura akiwa ndiye anayetetea kiti.

Kwanza timu yake ilipasuka. Beth Sawyer, mwenzake wa 2021, alimpinga kwenye kura za mchujo. Durr alishinda, lakini chama kikaingia kwenye uchaguzi na jeraha. Kisha Democratic wakamleta John Burzichelli, yule yule. Safari hii hakuna aliyemdharau Durr. Fedha zilikuja, na historia yake ikachambuliwa mstari kwa mstari. Likaibuka andiko lake la mwaka 2020 kuhusu utoaji mimba, kwamba mwanamke anao uchaguzi tayari: abane miguu yake. Kabla ya 2022 andiko kama hilo lingepita kama ukali wa mtandaoni. Baada ya Mahakama Kuu kuiondoa haki ya kitaifa ya kutoa mimba Juni 2022, likawa silaha iliyolenga hasa wanawake wa vitongoji vya Gloucester.

Tena hapakuwa na gavana juu ya karatasi ya kura. Wale maelfu waliotoka 2021 kwa ajili ya Ciattarelli hawakuwa na sababu ile ya kutoka. Burzichelli alishinda, na Democratic wakarudisha viti vyote viwili vya Baraza pia, McCarthy Patrick akiwa mmoja wa waliopoteza. Timu nzima ya 2021 ilikuwa nje ndani ya miaka miwili.

Wapo wanaosoma matokeo hayo kama ushahidi kwamba Durr hakufaa. Sidhani inatosha. Mtu aliyechaguliwa na wimbi alikuwa na miezi 24 ya kugeuza wapiga kura wa safu kuwa wapiga kura wake, na kazi hiyo haifanyiki ukumbini bali kwenye ofisi ya wilaya: simu za pensheni zilizochelewa, barabara mbovu, mji unaotaka ruzuku. Sweeney alijenga kura zake elfu 31 kwa kazi hiyo miaka 20, ndiyo maana zilibaki naye hata siku ya kuanguka. Durr hakuwa na muda, hakuwa na wingi bungeni, na maneno yake ya zamani yalimfunga mikono kila alipotaka kuongea na mtu asiyekuwa wa upande wake.

Wote wawili walijaribu kupanda juu zaidi. Durr alitangaza mapema 2024 kwamba anawania ugavana wa 2025, kisha akajitoa kabla ya mchujo. Sweeney alibaki hadi mwisho kwenye mchujo wa Democratic Juni 2025 na kuachwa mbali na Mikie Sherrill, ambaye baadaye alichaguliwa gavana. Kiti cha Wilaya ya 3 kina Burzichelli hadi Januari 2028. Uchaguzi wake utafanyika Novemba 2027, na fomu za wagombea wa mchujo zitarudishwa miezi kadhaa kabla ya hapo.